Wote Mnapita Kwangu

Kwa Fundi Mitambo mtandao ulianza na shikamoo. Ukipita mbele ya dirisha lake asubuhi bila kumsalimia, hakusema kitu. Jioni ukirudi nyumbani, ukavua viatu na kufungua simu, ndipo unajua umekosea: picha hazifunguki, ujumbe wa sauti unazunguka tu, na video ndiyo usiseme. Ukienda kumwuliza kulikoni, hata macho hainui.

“Asubuhi ulipita hapa kama upepo,” anasema. “Nilidhani hakuna mtu.”

Basi unasema shikamoo, hata kama jua limeshazama na siku nzima mmekuwa mkionana uani. Anaitika marahaba kwa kuivuta, anagusa vitufe viwili vitatu, na ukifika chumbani kwako kila kitu kinakimbia. Mimi ni mwalimu, kudai salamu ni sehemu ya kazi yangu, lakini kudaiwa salamu kwa namna ile kuliniudhi kweli. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikimwita dikteta moyoni, na siku moja neno likanitoka kwa sauti. Alicheka hadi akakohoa. “Dikteta gani anawapa raia wake mtandao?” akaniuliza.

Nilipanga vyumba viwili katika ua wake kwa miaka mingi, upande wa juu wa Kirumba, jijini Mwanza, kule nyumba zinakobanana na mawe. Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ilitufikia kila upepo ulipogeuka, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na majabali ambayo wajenzi waliyashindwa, wakaamua kuyazunguka. Mawe hayo ndiyo yaliyompa mzee wetu utawala. Waifai ya kawaida haivuki jabali. Mtu akiwa na mtandao sebuleni kwake, jirani aliye nyuma ya jiwe hapati hata harufu yake. Fundi Mitambo akatandaza waya. Alizipitisha juu ya mawe na chini ya mawe, ndani ya mipira chakavu ya kumwagilia bustani ili panya na jua visizile, akaingiza mwisho mmoja katika kila nyumba iliyotaka, hadi chini barabarani kwenye duka la Mama Kopi, mama wa Kisukuma aliyekuwa akichapa na kutoa nakala za vyeti vya watu. Sisi tulichangia gharama za laini kila mwezi. Kazi yote ilikuwa yake.

Na waya zote hizo zilianzia kwenye kompyuta moja.

Wengine huweka ruta, kale kasanduku kadogo kanakotosha kwenye kiganja. Yeye aliweka kompyuta nzima ya mezani, kubwa, nyeusi, ya zile walizokuwa wakitumia wahandisi kuchorea ramani. Aliinunua mnadani ofisi fulani ilipofunga, akaipandisha mlimani kwa mkokoteni mpaka mahali mkokoteni ulipogoma, kisha kwa mabega ya watu. Akaichomekea kadi mbili za mtandao: moja ya kupokea laini kutoka nje, nyingine ya kutugawia sisi. Katikati ya kadi hizo mbili ndipo tulipopita sote, na mwenye funguo za hapo katikati alikuwa yeye peke yake. Vijana wa mjini waliokuja kutengeneza simu zao kwa Mama Kopi walikuwa wakimshangaa. “Mzee, nunua ruta bwana, hili dude linakula umeme bure.”

“Ruta haimjui mtu,” aliwajibu. “Hii inawajua. Wote mnapita kwangu.”

Sentensi hiyo ya mwisho aliisema kila siku. Aliisema kwa kutishia, aliisema kwa kubembeleza, aliwahi kuisema kanisani baada ya misa, mbele ya padri, hadi padri akamwangalia mara mbili.

Tatizo ni kwamba dude lile lile lililokuwa ruta yetu lilikuwa pia meza yake ya kazi. Humo ndimo alimoandikia watu barua za maombi, humo alisoma habari za kwao Bukoba, humo alisikiliza nyimbo za kwaya na kucheza karata. Akifungua kitu kizito, mlima mzima unajikokota. Karata zikigoma, yeye huzima na kuwasha upya, na hapo nyumba zote zinakatika. Baada ya ugomvi wa kutosha tukawa na desturi. Kabla hajaizima alitoka mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili, akaita kwa sauti iliyofika barabarani: “Nazimaaa!”

“Subiri mzee!” tuliitikia kutoka kila upande. “Napakia hapa!” “Kidogo tu mzee, nimalizie!”

Alisubiri. Alisikiliza kelele zikipungua hadi ya mwisho, tena kwa subira ya mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Kisha aliingia, akaizima, akangoja, akaiwasha, akatoka tena na kutangaza: “Tayari!” Nasi tukamshukuru. Wageni waliotutembelea walidhani ni ibada ya madhehebu fulani.

Nimeeleza kwamba alikuwa mtu wa vitisho, na kweli alikuwa. Lakini niseme na hiki kingine, maana bila hicho picha yake haikamiliki. Mwenye kompyuta ile aliweza kuona kila nyumba inafungua kurasa gani. Hakuona yaliyoandikwa ndani, ila majina ya kurasa aliyaona, na jina peke yake linatosha kumvua mtu nguo. Mlima mzima ulilijua hilo. Lakini katika miaka yote sikuwahi kusikia neno limetoka kwake kuhusu mtu yeyote. Ukimchokoza umbea, anasema, “Nimeona, lakini sijaangalia,” na anabadilisha mazungumzo.

Mwaka mimba yangu ilipoharibika nilikaa ndani siku nyingi nikisoma kila kilichoandikwa duniani kuhusu jambo hilo. Mume wangu alikuwa safarini Musoma. Sikuwa na sauti ya kumsalimia mtu. Nilikwenda msalani na kurudi, nikipita mbele ya dirisha lile na kanga kichwani, kimya kama mwizi, nikijua nitapewa adhabu yangu na nisijali. Adhabu haikuja. Wiki ile mtandao wangu ulienda mbio kuliko siku zote nilizokaa pale, na Mama Kopi akawa analalamika kule chini kwamba wake umekufa kabisa. Mzee alikuwa amempunguzia yeye, akaniongezea mimi. Hakunipa pole, hakuniuliza kitu, na nilipoweza tena kusema shikamoo aliitika kama vile tuliachana jana. Namshukuru hadi leo. Watu wengi walinipa pole kwa maneno na sikumbuki hata moja.

Usiri huo aliutoa kazini. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mitambo ya simu, zile za waya, enzi ambazo mtu akitaka kuongea na ndugu yake Dar anakwenda kupanga foleni na kungoja kuitwa. Alisema mji wote ulipita mikononi mwake, harusi zake, misiba yake, bei zake za pamba na samaki. Halafu simu za mkononi zikaingia. Mitambo ikaanza kunyamaza, safu moja baada ya nyingine, yeye akiwa amesimama katikati yake na kitambaa cha kufutia vumbi. Siku ya kufunga jengo aliambiwa abaki nyuma azime taa. “Nikazima,” alisema. “Nikatoka nje, barabara imejaa watu wanaongea na simu zao. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.”

Kisa hicho alinisimulia mara nyingi mno, kila mara kwa maneno yale yale, na kila mara akimaliza kwa kujitafutia kazi ya kufanya, kukaza skurubu au kufuta kioo. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa ananiambia anachokiogopa. Umaskini alishauzoea, na kifo alikuwa amekwisha kukichagulia suti. Alichokiogopa ni kuwa tena mtu ambaye hakuna kinachopita kwake.

Woga huo ulimgharimu, na uliwagharimu wengine zaidi yake.

Mke wake nilimkuta hai. Alikuwa mama mpole wa Kihaya, mwenye buni za kutafuna kwenye kikombe cha bati, ambazo mgeni alipewa kabla hajaulizwa shida yake. Kompyuta ile aliiita mke mwenzangu. “Mke mwenzangu leo ana homa,” alituambia tukija kulalamika, “bwana wetu anampepea.” Alisema kwa kucheka, lakini niliwahi kumwona amesimama mlangoni na sahani ya chakula kilichopoa, akimtazama mumewe mgongo, na uso haukuwa wa kucheka.

Mama huyo alipolazwa, mzee alikuwa akishuka kumwona kila alasiri. Kisha ikaja siku ya radi. Radi za ziwani zinajulikana, zinakuja zimeinama, na hiyo ilipiga karibu ikaunguza kadi moja ya mtandao. Kesho yake tulikuwa wote gizani. Mama Kopi alikuwa na vijana dukani wanaohangaika na maombi ya chuo, wengine wanalia. Binti yake wa pekee akapiga simu kutoka wodini: mama anakuulizia. “Namalizia hapa, nakuja,” akasema. Binti akapiga tena. “Nakuja.” Nilimsikia mwenyewe, nilikuwa nimesimama dirishani nikingoja kama wengine. Aliponyanyuka hatimaye, vijana waliopanda kungoja walimpigia makofi.

Alifika hospitali akiwa na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Binti yake alikuwa ameketi kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo za mama yake mapajani. Alimtazama baba yake, akaitazama ile bisibisi, akamwuliza jambo moja tu.

“Mtandao umerudi?”

Mzee alinisimulia hilo mwenyewe, siku nyingi baadaye, na hakujitetea. Tangu msiba ule, mawingu yakianza kunguruma juu ya ziwa, alikuwa akichukua kanga ya marehemu na kufunika kioo cha kompyuta, kama marehemu alivyokuwa akifunika vioo vyote vya nyumba. Mke alipokuwa hai, mzee alikuwa akimcheka kwa imani hizo, akimwonyesha waya wake wa ardhini wa kukinga radi, aliokuwa akiumwagilia maji ya chumvi kila kiangazi. Sasa alifunika, na bado hakuizima. Radi ikipiga alikaa pale pale mkono juu ya kanga.

Uzee ulipomkamata ulianza na macho. Jicho la kulia likaingia ukungu, kisha la kushoto likalifuata. Akawa anaandika amri za kompyuta kwa kukumbuka, bila kuziona, na kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Herufi moja ikikosewa tunakatika. Zamani tulikatika kwa muda wa kunywa chai. Sasa tukawa tunakatika mchana kutwa, yeye ameinamia kioo pua imekigusa, anaandika, anafuta, anaandika yale yale. Hakutaka mtu amsomee. Neno la siri hakumpa mtu. Nilikuwa nikipakia alama za wanafunzi kwa bando la simu yangu huku nauma meno. Mama Kopi alipoteza wateja wakahamia duka la ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwetu kumnyang'anya mzee kitu kilicho mkononi mwake ni jambo zito, watu hungoja akiweke chini mwenyewe. Na wote tulijua huyu haweki.

Binti yake ndiye aliyekata shauri. Alikuwa akija kila Jumamosi, anafua, anapika chakula cha wiki nzima, anaongea na baba yake kwa adabu ambayo haikuwa na joto. Siku moja alimpeleka kliniki ya macho, akamwacha huko na ndugu yao, akarudi na fundi kutoka mjini. Fundi alihamisha laini ya nje hadi kwenye duka la Mama Kopi, akaweka ruta ndogo nyeupe nyuma ya mashine ya nakala, akaunganisha waya zetu zote hapo. Kazi yenyewe iliisha kabla chai niliyompikia haijapoa. Kwenye kompyuta ya mzee aliuacha waya mmoja tu unaoingia, ili taa za nyuma ziendelee kupepesa na yeye aweze kusikiliza nyimbo zake. Kwa hiyo kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa akipita kwa Mama Kopi.

Binti alituita dukani. Alikuwa amevaa miwani ya jua na hakuivua.

“Naombeni baba asijue,” alisema. “Akitangaza anazima, itikieni kama kawaida. Mama Kopi, wewe ndiye mlalamikaji mkuu, naomba usiache kulalamika. Ameshafungiwa mitambo mara moja. Mara ya pili itamwua.”

Mama Kopi akasema, “Hilo tu? Mbona kulalamika ni kipaji changu.” Watu wakacheka, wakashukuru kupata nafasi ya kucheka.

Mimi nilisema afadhali aambiwe, tena aambiwe na sisi tuliomtumia. Binti akanigeukia.

“Utamwambia wewe, Mwalimu?”

Nikaitazama ile ruta nyeupe.

Tulikuwa waigizaji wazuri, hilo lazima nilikiri. “Nazimaaa!” Na mlima mzima ukaitikia, subiri mzee, napakia mzee, huku simu zetu mikononi zinaendelea kucheza video bila kukwama. Mama Kopi alipanda hadi mlangoni kwake kila wiki, anahema kwa unene wake, anapiga mikono. “Jamani mzee, toka asubuhi sijachapa hata karatasi moja, unataka nife njaa?” Naye alinyoosha mgongo, akamkemea, akamkaribisha buni, akagusa vitufe vyake, akamwambia arudi akajaribu. Siku za mwanzo alifurahi sana. Mtandao haukukatika tena ovyo na sifa alijipa mwenyewe. “Mnaona? Nimeubana mahali fulani. Uzoefu huo.” Nilimsifu kama wengine, nikarudi chumbani kwangu.

Kisha salamu zikaanza kupungua.

Hakuna aliyekusudia. Ni kwamba sababu ilikuwa imeondoka. Mtu ana haraka, anapita, hakuna kinachomtokea jioni. Kesho anapita tena. Baada ya muda watu wazima na watoto walikuwa wakipita mbele ya dirisha lile wakiongea na simu zao, na ndani yake mzee ameketi na shati limefungwa vifungo vyote hadi cha shingoni, akihesabu waliompuuza kwa sauti za miguu yao. Nilimsikia akigonga vitufe vya adhabu. Jioni alivuta kiti karibu na mlango, akangoja wenye makosa waje. Hawakuja. Alingoja hadi mbu walipomrudisha ndani.

Jioni moja sikuvumilia. Nikaenda kwake nikamwambia, “Mzee, wa kwangu leo unajikokota kweli. Nimekukosea nini?”

Aligeuza uso wake kwangu, na lile jicho lenye ukungu likanitafuta.

“Lakini wewe ulinisalimia,” alisema.

Nikababaika. Nikasema labda ni simu yangu, imezeeka.

“Labda,” alisema. Akanitakia usiku mwema kwa upole ambao sikuuzoea kwake, nami nikaondoka haraka.

Muda si mrefu nikahamishiwa shule moja Magu. Nilifungasha, nikaagana naye, akaniuliza huko niendako nani ataniangalia. Nikamwambia huko kuna minara ya simu tu. “Minara,” akasema, na akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mkwe asiyemtaka.

Ulipita mwaka na zaidi kidogo. Nilikuja Mwanza kwa shughuli za mitihani, nikachukua mchele wa Magu katika mfuko, nikapanda mlima. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kitini pake, amekonda hadi shati limekuwa la mtu mwingine, mikono imelala juu ya meza mbele ya kompyuta.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” akaivuta. “Mwalimu. Magu hawakupi chakula? Hatua zako nyepesi.”

Nilikaa kwenye benchi karibu na ukuta. Tuliongea habari za shule, za mume wangu, za macho yake ambayo sasa yalikuwa yameisha kabisa. Nilihisi kuna kitu kimepungua katika chumba kile na nikachukua muda kujua ni nini. Feni ilikuwa hailii. Miaka yote ile sikuwahi kukaa humo bila ule mvumo. Niliinama nikatazama nyuma ya kompyuta. Hakukuwa na taa hata moja.

“Umeona,” alisema.

“Mzee, imezimika. Nikuitie fundi?”

“Haikuzimika. Niliizima, kabla ya Kwaresima.”

“Kwa nini?” nikauliza.

“Nilitaka kujua. Watu hawanisalimii, nawapunguzia, hawaji. Wewe ukaja kuniomba nikuongezee wakati sijakupunguzia. Nikasema hapana, hapa kuna jambo.” Aliongea bila hasira, kama anayeeleza alivyotafuta hitilafu kwenye laini. “Basi asubuhi moja sikutangaza. Nikabonyeza kitufe, nikaketi hapo mlangoni. Nilijua watapiga kelele. Chini kule Mama Kopi alikuwa anaongea na mwanaye kwa video, yule aliye masomoni. Namsikia mtoto anacheka. Mashine yangu imekufa, na mtoto anacheka vizuri tu, sauti haikatiki hata kidogo.”

Akatafuta kikombe cha bati kwa vidole, akakisogeza upande wangu. Nikachukua buni nikaishika tu.

“Kesho yake nikatoka, mashine bado imezimwa, nikaita: Nazima!” Akakipapasa kile kioo cheusi. “Wote wakaitikia. Subiri mzee. Napakia mzee. Kuna mtoto alisema ana mtihani, nimwonee huruma.”

Machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba haoni, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Nilimwambia ni binti yake aliyeomba, kwamba alifanya kwa kumpenda, kwamba sote tulifanya kwa kumpenda.

“Najua,” alisema. “Binti yangu nilimkosea jambo kubwa, naye akaja akanifichia aibu yangu. Unafikiri sijui hiyo ni nini?”

“Sasa kwa nini hukuwaambia kwamba umejua? Wapumzike, na wewe upumzike.”

Alikiinamisha kichwa upande wa mlango. Kutoka nje, kule chini penye mawe, zilisikika ndara zinakokota na mtu anahema.

“Mama Kopi anapanda kila wiki kuja kulalamika,” alisema kwa sauti ya chini. “Ana miguu mibovu yule, na bado anapanda. Anakaa hapo ulipokaa, ananigombeza, ananipa habari za watu, tunatafuna buni hadi jua linageuka. Hakuna mwingine anayeingia humu isipokuwa binti Jumamosi. Nikimwambia nimejua, Mwalimu, atakuja tena kufanya nini?”

Ndara zilifika mlangoni. Mzee akajifunga vizuri kifungo cha shingoni, akaweka mikono yote miwili juu ya vitufe vya ile kompyuta iliyokufa, akakunja uso.

“Jamani mzee!” Mama Kopi aliita kabla hajaingia, mkono kiunoni. “Leo tena? Toka asubuhi nahangaika!” Akaniona, akanitazama kwa macho ya kuniomba nisiharibu.

“Kelele za nini?” mzee akamkemea. “Kwanza salamu.”

“Shikamoo.”

“Marahaba. Haya, kaa, nikutazamie.”

Nikasogea kwenye benchi, Mama Kopi akaketi.